Chapa ya Kwanza ya Mjane wa Gazi

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1955, Mwanarusi binti Kibwana alikuwa amekaa sakafuni katika maktaba ya Bwana Hallam huko Diani, akisafisha migongo ya vitabu kwa brashi ya manyoya ya mbuzi. Kazi hiyo aliifanya kila Jumatatu na kila Alhamisi. Hewa ya ufuoni ina chumvi na unyevu, gundi ya kitabu haimalizi miaka mitatu kabla ya kuachia, na mende huipenda gundi kuliko sukari. Bwana Hallam alikuwa na riwaya mia nne za Kiingereza, na hakutaka hata moja iliwe.

Mwanarusi alikuwa mshona vitabu. Ufundi huo aliupata kwa babake, Mwalimu Kibwana wa Msambweni, aliyekuwa akishona misahafu iliyochakaa na kuirudishia majalada ya ngozi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, aliwahi kuolewa na kuachwa, na mikono yake ilikuwa myepesi. Bwana Hallam, mpima ardhi aliyestaafu, alimwajiri mwaka 1949 baada ya kuuona msahafu wa mpishi wake, Tsuma, na kuuliza ni nani aliyeushona.

Nusu ya riwaya zile zilikuwa chapa ya kwanza, yaani nakala zilizotoka mtamboni kabla ya nyingine zote. Hizo zilikaa katika makabati ya vioo. Kila moja Bwana Hallam aliinunulia pacha wake, nakala rahisi ya chapa ya baadaye, ya kusomea, ili ile ya kwanza isiguswe na vidole vyenye jasho. Mwanarusi hakujua Kiingereza, lakini ilimbidi ajue kipi ni kipi, kwa hiyo Bwana Hallam alimfundisha. Alimwambia afunue ukurasa wenye jina la kitabu, kisha augeuze. Nyuma yake pana mwaka. Kama chini ya mwaka hapana kitu, kitabu hicho ni mzaliwa wa kwanza. Kama pana orodha ya miaka mingine, hicho ni cha watu wote.

“Ni karatasi moja tu, Mwanarusi,” alimwambia. “Ukiitoa hiyo, kitabu kizima hakina nasaba.”

Alimfundisha na alama nyingine: rangi ya kitambaa cha jalada, herufi iliyovunjika ukurasa fulani, neno lililokosewa ambalo wachapaji walilisahihisha baadaye. Baada ya miaka sita Mwanarusi aliweza kuitambua chapa ya kwanza kwa kuinusa. Bwana Hallam alikuwa akiwaonyesha wageni jambo hilo.

Alhamisi ya wiki ile lilifika sanduku kutoka Uingereza. Ndani yake mlikuwa na nakala kumi na mbili za kitabu kimoja, zenye majalada ya kitambaa cha kijani. Kilikuwa kitabu cha Bwana Hallam mwenyewe, Mjane wa Gazi, riwaya aliyoitoa mwaka 1929 na ambayo ilimpa jina. Kilikuwa kimechapwa mara kumi na tisa, kilisomwa mashuleni huko kwao, na wakusanyaji walikuwa wameanza kuzitafuta nakala za mwanzo. Bwana Hallam naye alikuwa akizitafuta. Alimwambia Mwanarusi azipanguse, kisha akaenda kulala.

Baada ya sala ya alasiri Mwalimu Kibwana aliingia kwa mlango wa baraza. Alikuwa amekufa mwaka 1933 kule Kikoneni, kwa homa. Alivaa kanzu safi, na kofia yake ilikuwa imepigwa pasi.

“Shikamoo, baba,” Mwanarusi alisema.

“Marahaba, mwanangu. Vitabu vyangu viko wapi?”

Mwanarusi alimwonyesha sanduku. Mwalimu akachukua nakala ya juu, akaketi kwenye meza ya Bwana Hallam, akaifungua na kuweka kiganja chake juu ya ukurasa. Akakaa hivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Alipouondoa mkono, Kiingereza kilikuwa kimetoka. Mahali pake palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, herufi za Kiarabu za wino mweusi, zikienda kutoka kulia. Akageuza ukurasa, akaweka tena kiganja.

Mwanarusi aliinama akasoma. “Siku ya tatu baada ya maziko, mjane wa Gazi alitoka eda yake bila ruhusa ya mtu, akaenda kwa mashemeji zake kudai sufuria.” Maneno hayo aliyajua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja babake alipokuwa akimsomea kutoka kwenye daftari, jioni, wali ukiwa bado jikoni.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1927 Bwana Hallam alipanga nyumba Msambweni wakati wa kupima mashamba, na Mwalimu Kibwana akamfundisha Kiswahili. Mwalimu alikuwa ameandika hadithi ndefu katika madaftari manne. Bwana Hallam aliomba ayaazime asome melini, akienda likizo. Aliporudi baada ya miaka mitatu, Mwalimu alimwendea kuyadai. Alimwendea mara tatu. Mara ya tatu Bwana Hallam alisema mbele ya watu kwamba hakuna daftari alilopewa, kisha akaandika barua kwa shule aliyofundisha Mwalimu, akieleza kwamba mtu huyo ana tabia ya kudai visivyo vyake. Mwalimu alitolewa kazini. Vijana wa mtaani wakawa wanamwita Mzee Madaftari. Alihamia Kikoneni, akalima mihogo, na huko akafa.

Mwanarusi naye hakumwamini. Hilo ndilo alilolikumbuka alasiri ile. Alidhani babake aliyapoteza madaftari yake akaona haya kusema. Alipokuja kuajiriwa, Bwana Hallam alimwambia kwa upole kwamba Mwalimu Kibwana alikuwa mtu mwema, ila kumbukumbu zake zilimsumbua. Mwanarusi alimshukuru kwa kumsema babake vizuri.

Saa kumi na moja na nusu Bwana Hallam aliingia akitafuta miwani yake. Alimwona Mwalimu Kibwana mezani, akasimama. Akatoa salamu za jioni. Mwalimu aliitikia bila kuinua kichwa.

“Mwalimu,” Bwana Hallam alisema, “ungalikuja tukazungumza mapema, haya yote yasingalikuwapo.”

“Nilikuja mara tatu.”

Bwana Hallam alisogea, akaangalia ukurasa uliokuwa mbele ya Mwalimu. Aliitambua kazi ile. Alifikiri kidogo, akauliza kama ni hizo kumi na mbili tu au na chapa nyingine. Mwalimu akajibu kwamba za baadaye hazimhusu. Hizo zilinakiliwa kutoka kwa mwizi, na yeye alikuwa akidai kile kilichonakiliwa kutoka kwake. Bwana Hallam akaonekana kutulia. Alimwambia Mwanarusi atandike kitambaa chini ya kiwiko cha babake, maana meza ilikuwa ya mvule na wafu huacha alama ya maji. Kisha akapata miwani yake juu ya redio, akatoka.

Tangu siku hiyo Mwalimu Kibwana alikuwa akija kila Jumatatu na kila Alhamisi. Alifanya kurasa ishirini na tano au thelathini, na kabla ya magharibi aliondoka. Tsuma alimwekea kahawa, ambayo haikunywewa, akaendelea kumwekea kwa sababu ilikuwa adabu. Mwalimu alifanya kazi kuanzia mwisho wa kitabu, ambao kwake ndio mwanzo. Kila alipomaliza nakala, jina lilikuwa limehamia upande wa kulia: Mjane wa Gazi, kilichotungwa na Kibwana bin Suleiman, Msambweni.

Wiki ya tatu Mwanarusi alimwambia babake kwamba haitoshi. Alikuwa hali chakula vizuri. Alikuwa akimtazama Bwana Hallam akitafuna mkate wake kwa siagi na kuihesabu mitafuno. Alimwuliza babake kama waliokufa hawana ruhusa ya kumkaba mtu.

“Wanayo,” Mwalimu alisema. “Ila mimi nina kazi.”

“Basi mimi sina kazi, baba?”

Mwalimu aligeuza ukurasa. “Wewe una ufundi,” alisema.

Mwanarusi alilifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi kwake. Alikuwa amewaza mafuta ya taa na kiberiti. Alikuwa amewaza pia kuwaachia mchwa makabati. Lakini kitabu kikiungua, watu humhurumia mwenyewe, na yeye hakutaka Bwana Hallam ahurumiwe. Alitaka asimame mbele ya watu aseme kweli, na watu wamtazame kama walivyomtazama Mwalimu Kibwana.

Jumatatu iliyofuata alileta wembe mpya na uzi mwembamba. Alifungua kabati la kwanza, akatoa riwaya ya kwanza, akakata ile karatasi moja yenye mwaka peke yake. Kisha akatoa karatasi kama hiyo katika pacha wake wa kusomea, yenye orodha ndefu ya miaka, akaibandika mahali pa ile ya kwanza kwa gundi ya wanga wa mhogo, nyembamba kama mate. Akazisawazisha kingo, akaisugua kwa mfupa wa kulainishia karatasi, akairudisha riwaya kabatini. Karatasi aliyoikata aliikunja ndani ya leso yake. Siku hiyo alifanya mbili. Babake alikuwa mezani akifanya yake. Hawakuzungumza, na Mwanarusi alijisikia kama zamani, walipokuwa wakishona misahafu pamoja, kila mtu na sindano yake.

Kazi hiyo ilimchukua mwaka na miezi kadhaa. Karatasi zilifika mia moja na themanini na saba.

Mwisho wa mwaka 1956 Bwana Hallam aliwaandikia wakusanyaji kwamba amezeeka, kwamba anataka kwenda kuishi kwa dada yake, na kwamba anaiuza maktaba yake yote kwa mnunuzi anayestahili. Januari akaja Bwana Crane kutoka Landani, mtu mwembamba mwenye kioo cha kukuzia shingoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua chapa za kwanza. Bwana Hallam alichinja mbuzi, akawaalika majirani zake Wazungu saba waje washuhudie. Alimwita na Mwanarusi, akawaambia wageni kwamba mwanamke huyu wa Msambweni anaitambua chapa ya kwanza kwa kuinusa.

Bwana Crane alifungua kabati. Akatoa kitabu, akafunua, akageuza. Akatoa cha pili. Alipofika cha sita aliacha kuzungumza. Alipofika cha ishirini alikaa, akachukua kioo chake, akatazama pale karatasi inapoingia mgongoni. Tsuma, aliyekuwa anakijua Kiingereza cha mezani, alimsimulia Mwanarusi baadaye yaliyosemwa. Bwana Crane alisema kwamba vitabu hivi vimechanganywa. Jalada ni la zamani na karatasi ya mwaka ni ya chapa ya baadaye. Inafanywa wakati mwingine, alisema, na mtu anayeunga kitabu kizuri kutokana na viwili vibovu, akitumaini hakuna atakayegeuza ukurasa. Bwana Hallam alisema havikuwa hivyo, kwamba alivinunua mwenyewe kimoja kimoja, kwamba ana hakika. Bwana Crane alisema kwa adabu kwamba hana shaka Bwana Hallam anaamini hivyo.

Majirani walitazama sahani zao. Mmoja alikumbuka kwamba anangojewa nyumbani. Bwana Hallam alisimama katikati ya maktaba yake akisema kweli tupu, na kadiri alivyoisema ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Mwanarusi alisimama karibu na mlango mikono ikiwa mbele. Alimtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayekula baada ya mfungo.

Yalikuwa yamebaki majalada ya kijani. Bwana Hallam hakutaka yafunguliwe, ila Bwana Crane alikuwa amekwisha kuchukua moja. Alifungua, akaona herufi za Kiarabu toka mwanzo hadi mwisho. Akafungua la pili, na la tatu. Alichunguza uzi, alichunguza gundi, akaukwaruza wino kwa ukucha. Haukutoka. Jalada lilikuwa la mwaka 1929 na karatasi ni ya 1929, na hakuna kilichoshonwa upya. Aliuliza nini maana yake.

Mwanarusi akasogea mbele. Alisema kwa Kiswahili, pole pole, ili Tsuma apate kufasiri.

“Kitabu hiki ni cha baba yangu. Alikitunga Msambweni, na bwana huyu alikichukua. Jina lake liko hapo, upande wa kulia. Baba mwenyewe ameliandika.”

Tsuma alifasiri neno kwa neno. Bwana Crane alisikiliza hadi mwisho na kumshukuru. Alisema kwamba nani alitunga nini ni jambo la mawakili, na yeye si wakili. Yeye kazi yake ni kujua kipi kilitoka kwanza. Kisha akamgeukia Bwana Hallam akasema kwamba hajapata kuona kitu kama hiki katika miaka thelathini, na kwamba angependa kuchukua zote kumi na mbili. Alizifunga mwenyewe kwa karatasi ya hariri, akaondoka nazo kwa gari hadi Likoni, akavuka kwa feri.

Bwana Hallam hakwenda kwa dada yake. Barua za wakusanyaji ziliacha kuja, isipokuwa moja ambayo haikuwa na salamu. Majirani waliendelea kumpungia mkono, ila hawakusimama.

Huko Msambweni, Mwanarusi alimpa zile karatasi mia moja na themanini na saba shoga yake Mbeyu, mchuuzi wa njugu karibu na soko. Mbeyu alizisokota vikoba. Mwezi ule watu wa Msambweni walikula njugu katika karatasi nzuri sana, nzito, zisizopitisha mafuta. Tsuma alinunua kikoba kimoja akamletea Bwana Hallam na chai yake. Bwana Hallam alizila njugu, kisha akakikunjua kikoba kwa kuwa kilikuwa na maandishi. Aliigeuza karatasi. Nyuma yake palikuwa na mwaka, na chini ya mwaka hapakuwa na kitu.

Alhamisi alimngoja Mwanarusi mlangoni.

“Ni wewe,” alisema.

“Ni mimi, Bwana.”

“Naweza kukupeleka kwa askari leo hii.”

“Tafadhali tukiwa huko, waeleze na sababu yangu. Mimi sikijui Kiingereza vizuri.”

Bwana Hallam aliitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa na madoa ya chumvi. Alirudi ndani, na alasiri hiyo alimtuma Tsuma amwambie Mwanarusi kwamba hahitaji tena mshona vitabu. Mwanarusi alichukua brashi yake na mfupa wake akaenda. Njiani aligundua kwamba ana njaa, akanunua mihogo ya kuchoma, akaimaliza yote.

Katika mwaka 1958 Bwana Crane alituma orodha yake ya vitabu. Ilikuja kwa Bwana Hallam, na Tsuma akaipeleka Msambweni ikiwa ndani ya kapu. Mwalimu mmoja kijana wa shule aliwasomea kwa Kiswahili ukurasa uliowahusu. Orodha ilisema kwamba Mjane wa Gazi ni riwaya kubwa ya Bwana Hallam, ambayo haihitaji kusifiwa. Ikaeleza jinsi ya kuitambua chapa ya kwanza halisi: jalada la kitambaa cha kijani, ukurasa wa themanini na nane haukuandikwa namba, na, katika nakala zilizo bora kabisa, maandishi yote yamegeuka kuwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa mwenyeji asiyejulikana. Nakala ambazo bado ni za Kiingereza zilihesabiwa kuwa duni. Mwandishi: Hallam. Orodha iliongeza kwamba chapa ya ishirini na mbili iko mtamboni.

Alasiri hiyo Mwalimu Kibwana alipita nyumbani kwa bintiye. Hakuwa ameonekana tangu majalada ya kijani yalipovuka Likoni, na kanzu yake ilikuwa na unyevu wa nchi ya baridi. Mwanarusi alimwamkia, akamtandikia mkeka, akamsomea yale aliyoyaandika pembeni mwa orodha kwa herufi anazozijua.

“Wameandika kwamba hajulikani?” Mwalimu aliuliza.

“Ndivyo walivyoandika, baba.”

“Na jina liko palepale, upande wa kulia?”

“Liko. Hawalisomi.”

Mwalimu alivua kofia yake, akaiweka kando. Nje Mbeyu alikuwa akitangaza njugu zake. Mwanarusi alisubiri babake akasirike, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekasirika kiasi kwamba vidole vilimwuma, na siku hiyo angependa kukasirika pamoja na mtu. Mzee hakukasirika. Aliuliza kama orodha ile inataja ni nakala ngapi zilizochapwa mara ya kwanza.

Mwanarusi alitafuta mstari kwa kidole. “Elfu moja na mia mbili.”

“Nimefanya sabini na nne,” Mwalimu Kibwana alisema, akaomba apewe kofia yake, maana ilikuwa ni saa ya kazi.